Thelathini na Mbili

Fungua, mama Nyanzala. Ni mimi, Kasele,
fundi wa juzi, yule wa ngazi ya kuazima.
Najua hakujapambazuka. Najua unga umeshaumuka.
Usiwashe jiko.

Juzi uliniita kwa sababu breka ilikuwa ikikata.
Kila saa moja jioni, mikate ikianza kupata rangi,
tak!
giza, na wateja wa Isevya wamesimama mlangoni
na mia tano zao mkononi.
Ukasema: fundi, hiki kidude kina kiburi, ninyamazishie.

Nikakunyamazishia.
Niliitoa ya kumi na sita, nikapachika ya thelathini na mbili.
Dakika nne, bisibisi moja.
Ukawasha jiko, ukawasha pasi, ukawasha na redio kwa kuwakomoa majirani,
na hakuna kilichokata.
Ukanisifu mbele za watu, ukanipa elfu kumi na nusu mkate wa moto.
Nilikunja ngazi, nikaondoka kabla sifa hazijapoa.

Tangu hapo usingizi umenipaa.
Si joto. Oktoba ya Tabora mimi nimezaliwa nayo.
Ni ukuta wako.

Nyuma ya ile kalenda ya ushirika wa tumbaku
umepita waya mwembamba, wa moja na nusu.
Aliyeulaza alifikiria taa mbili na feni,
labda na redio siku ya mpira.
Hakufikiria jiko la wati elfu tano
uliloliuziwa na mstaafu wa reli.

Hesabu nimeipiga usiku, nyuma ya karatasi ya sukari:
elfu tano, gawa kwa mia mbili na thelathini.
Ishirini na moja na ushei.
Nikarudia, nikiomba niwe nimekosea.
Ishirini na moja na ushei.

Waya ule, humo ndani ya plasta asikopumua,
ukiupa kumi na sita umeutendea haki yake yote.
Ukizidisha, unavuja jasho.
Na breka yangu mpya imekaa hapo juu, imekunja nne, inasema:
mpaka thelathini na mbili, mimi sijaona neno.

Ile ya kwanza haikuwa na kiburi, mama.
Breka haijui mikate. Hata wewe haikujui.
Inachojua ni waya tu.
Waya hauna kinywa, basi ile ilikuwa ikipiga kelele kwa niaba yake,
kila jioni, saa moja, kwa uaminifu,
nami nikamfukuza mlinzi aliyekuwa macho
nikaajiri mwenye usingizi mzito.

Njoo uguse hapa, pembeni ya swichi.
Kwa mgongo wa mkono.
Eeh.
Na ile harufu uliyosema jana ni mkate uliogandia kwenye trei,
haikuwa mkate.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Mimi nimeuza kimya kwa elfu kumi.

Hiyo elfu kumi siwezi kukurudishia, imeshakuwa waya.
Huu hapa, wa sita, mita kumi na nne,
nimeukopa kwa Lugusi jirani na stesheni, kwa jina langu, si lako.
Utatoka kwenye meni swichi uende moja kwa moja jikoni,
peke yake, hauchangii na taa wala pasi.
Thelathini na mbili nitaifunga kwake;
breka yenyewe haikuwa mbaya, ni mimi niliyeiozesha vibaya.
Na hii ya kumi na sita, iko mfukoni mwangu tangu juzi,
imenitoboa shati,
inarudi kwa yule mwembamba wake.

Shika tochi.
Kalenda tuitoe taratibu, Oktoba bado haijaisha.

Leo Isevya watakunywa chai na viazi.
Wakiuliza, waambie fundi alichelewa.
Hutakuwa umedanganya.